Kwa mnaoanza uanasheria wa Serikali Zanzibar

Faili likifika mezani kwako, kabla ya kuuliza sheria inasemaje, uliza ni sheria ipi. Wengi wenu mmesomea Bara, na mkono huenda wenyewe kwenye sheria mliyoifanyia mtihani. Sheria ya Ardhi ya 1999 mnayoijua haina nguvu hata kwa hatua moja ya ardhi ya Unguja wala Pemba. Ardhi si jambo la Muungano. Huku tunayo sheria yetu ya ardhi, Sheria Namba 12 ya 1992. Polisi ni wa Muungano, lakini Chuo cha Mafunzo anakopelekwa mfungwa ni chetu. Mahkama Kuu ni yetu, Mahkama ya Rufani ni ya Muungano, na hata huko, shauri lililoanzia kwa Kadhi haliendi: rufaa yake hukomea Mahkama Kuu.

Kwa hivyo kisomeni kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 mpaka kikae kichwani. Sheria ya Bunge haitumiki hapa ila iwe ya mambo ya Muungano, na Waziri anayehusika aifikishe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kisha someni kifungu cha 64 cha Katiba ya Muungano pamoja na nyongeza yake ya kwanza. Orodha ya mambo ya Muungano ilianza na mambo 11 mwaka 1964, leo ni 22. Mwanasheria wa Serikali asiyeijua orodha hiyo ataifungulia Serikali kesi ambayo haikuwa na haja ya kuwepo.

Migogoro ya ardhi ndiyo itakayowachosha zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa mashamba, eka tatu tatu. Waliopewa wengi wameshafariki, na wajukuu wao wanagawana kile ambacho babu alipewa akitumie tu. Khasa huku Pemba, mikarafuu inaweza kuwa ya huyu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya yule. Ramani haitakuonyesha hilo. Nenda shambani na sheha, kiongozi wa Serikali wa eneo hilo, ukae na wazee, uulize nani alipanda, nani anachuma, alama ya mpaka ni mti gani. Nimesoma maoni ya kisheria yaliyoandikwa kwa lugha nzuri sana, yakaanguka mbele ya jaji kwa sababu aliyeyaandika hakuwahi kuikanyaga ardhi anayoizungumzia. Anayeumia hapo ni bibi aliyengoja fidia yake miaka.

Kuhusu wakubwa. Mkurugenzi au Katibu Mkuu atakupigia simu saa nane mchana akitaka jibu pale pale. Mjibu kwa adabu kwamba utamwandikia, na siku hiyo hiyo umwandikie. Yeye atahamishwa, na faili litasomwa na mtu asiyekujua wewe wala yeye. Mteja wako ni Serikali. Kama analotaka halikubaliki kisheria, mwambie wazi katika aya ya kwanza, halafu muonyeshe njia inayokubalika. Mara nyingi ipo, na kuitafuta ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Maoni yaliyojaa “huenda” na “pengine” hayamsaidii, na siku jambo likiharibika hayatakulinda.

Tena kabla hujatia saini, angalia kama sheria unayoitaja bado ni hai. Bado naletewa rasimu zinazotaja Sheria ya Adhabu ya 2004, na hali tuna ya 2018, pamoja na ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka huo huo. Ya Mahkama ya Kadhi ya 1985 nayo iliondoka mwaka 2017. Msiamini nakala mliyotumiwa kwa simu na mwenzenu. Fungueni Gazeti Rasmi la Serikali, mtazame na marekebisho yaliyofuata, ndipo mlete rasimu kwangu.