Ratiba ya pweza na genge kuvurugika kila wiki

Dada wa Mikindani, umeuliza kwa nini ratiba yako ya kuchokoa pweza kisha kufungua genge saa tano hudumu siku mbili tu. Si uvivu wako. Pweza huchokolewa maji yakipwa, na saa ya maji kupwa, yaani yanapofika chini kabisa, husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku: leo saa nne asubuhi, baada ya siku tatu karibu saa sita na nusu.

Jumapili jioni andika daftarini saa ya maji kupwa ya siku saba, ukiongeza dakika 50 kila siku. Irekebishe katikati ya wiki kwa kuyaangalia maji yenyewe, maana siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) husogea kidogo na za maji mafu (karibu na nusu mwezi, yanapojaa na kupwa kidogo) husogea zaidi. Saa mbili kabla ya kupwa na moja baada yake ni za pwani, na usipachike kazi nyingine hapo. Kwenda na kurudi pia ni muda. Wengi husahau kuuhesabu.

Bamvua, mwezi mchanga na mpevu, maji hutoka mbali: wekeza nguvu pwani, genge lifunguliwe saa tisa alasiri. Maji mafu usihangaike na pweza. Nenda Mtwara mjini ununue bidhaa za jumla kwa safari moja.