Pudini ya Ndizi Bila Oveni, na Ndizi Zisigeuke Nyeusi

SWALI: Shangazi shikamoo. Jumamosi tuna shughuli ya familia hapa nyumbani, watu kama 25 hivi pamoja na watoto, na mimi ndo nimepewa kitindamlo. Oveni sina, na siku hiyo jiko lenyewe litakuwa limejaa masufuria toka asubuhi. Nataka kitu cha ndizi ila naogopa, maana kuna shughuli nilienda nikakuta pudini ya ndizi juu vipande vyote vimekuwa vyeusi na watu wanaipita tu. Nifanyeje isiwe hivo? – Mwenyeji wa Jumamosi

JIBU: Marahaba mwanangu. Umechagua vizuri sana, manake hii pudini haitaki moto kabisa, inataka usiku mmoja tu kwenye friji, kwa hiyo Ijumaa jioni unaimaliza na Jumamosi unashughulika na mambo mengine.

Tuanze na huo weusi. Ndani ya ndizi kuna kimeng'enya ambacho ukishaikata ndizi na hewa ikaingia kinaanza kazi yake ya kubadilisha rangi, kwa hiyo adui yako hapo ni hewa. Dawa ni mbili na unazitumia zote: asidi ya limau au ndimu inakipunguza nguvu kile kimeng'enya, na krimu inayofunika ndizi yote inaizuia hewa isifike. Pudini uliyoiona wewe walipanga vipande juu kama urembo alafu vikakaa wazi masaa. Ndizi za urembo zinakatwa dakika unapopeleka mezani, sio kabla, au uache kabisa uvunjevunje biskuti unyunyizie juu na inapendeza tu.

Trei moja ya sentimita 23 kwa 33 inatosha watu 12 mpaka 15, wewe fanya mbili. Kwa kila trei utahitaji biskuti za kawaida zisizo na krimu ndani gramu 400, ndizi mbivu 6, kopo moja la maziwa mazito yenye sukari la gramu 397, krimu ya kupiga nusu lita na juisi ya limau mililita 80, pembeni uwe na limau lingine la kupaka ndizi. Sukari usiongeze hata kidogo, yale maziwa ya kopo yana sukari ya kutosha.

Ndizi ziwe za njano zenye vidoadoa vya kahawia, hapo wanga umeshageuka sukari na harufu imetoka lakini kisu kikipita bado inakatika kipande kizima. Ikiwa imelainika mpaka inapondeka mkononi hiyo tengenezea maandazi au juisi, kwenye pudini itatoa maji. Na usizitie kwenye friji zikiwa bado mbichi mbichi ukidhani unazitunza, baridi inasimamisha kuiva na ganda linakuwa jeusi, ziache nje mezani.

Sasa kazi yenyewe. Mimina maziwa ya kopo kwenye bakuli, tia ile juisi ya limau, koroga. Utaona mbele ya macho yako yanaanza kuwa mazito yenyewe bila moto wala unga wowote, ni asidi inashikanisha protini ya maziwa, na hii ndo siri ya pudini kusimama ukiikata. Bakuli lingine piga krimu ikiwa ya baridi kabisa mpaka ukiinua mchapio inabaki imesimama na ncha yake inainama kidogo tu. Alafu changanya hizo mbili taratibu kwa mwiko, unatoka chini unapanda juu, usipige tena na mashine utaitoa hewa yote uliyoiingiza.

Kupanga ni hivi: pakaza krimu kidogo chini ya trei ili biskuti zisiteleze, panga biskuti zikaribiane, panga vipande vya ndizi unene kama nusu sentimita ambavyo umevigeuza geuza kwenye juisi ya limau na kuvichuja, mwaga krimu mpaka usione ndizi hata moja, rudia. Safu tatu za biskuti zinatosha na ya mwisho juu iwe krimu, na pale kwenye kingo za trei ndo watu wanasahau, ndizi inachungulia pembeni na asubuhi unaikuta imebadilika, kwa hiyo sukuma krimu mpaka iguse ukuta wa trei. Funika na nailoni vizuri maana krimu inavuta harufu za vitunguu na samaki vilivyomo kwenye friji, nakuomba hilo usilipuuze.

Masaa 4 inalika, lakini masaa 8 ndo yenyewe. Kuipima chomeka ncha ya kisu katikati, ikizama bila kugonga kitu kigumu biskuti zimelainika na unaweza kukata vipande vya mraba vikasimama. Siku ya shughuli itoe wakati watu wameshamaliza kula, isikae nje zaidi ya masaa 2, na kama joto limepita nyuzi 32 basi saa 1 tu, ni maziwa haya na kuna watoto. Ndo maana nimekwambia trei mbili, moja ikiwa mezani nyingine inabaki kwenye friji. Na waambie wageni kabisa kwamba ina maziwa na ngano, pengine mtu au mtoto hapatani navyo na kwa macho hawezi kujua.

SWALI: Shangazi mi krimu kila nikipiga haisimami, inabaki maji maji, na siku nyingine ikawa mabonge kama siagi. Shida ni nini? – Mkono Umechoka

JIBU: Hizo ni shida mbili tofauti. Ikibaki maji kwanza soma kwenye boksi mafuta ni asilimia ngapi, chini ya 30 haiwezi kusimama hata upige mpaka kesho, tafuta yenye 35 ndo utafurahi. Ikiwa mafuta yapo basi ni joto, krimu iwe imelala friji usiku kucha na bakuli pamoja na vile vyuma vya mashine uviweke friza robo saa kabla, manake yale mafuta yakiwa ya baridi ndo yanashikamana kuzunguka hewa, yakipata joto yanalainika na hewa inatoroka. Mabonge ni kwamba umepitiliza, na ukiendelea itakuwa siagi kweli. Ukiona mchapio umeanza kuacha mistari isiyofutika, punguza spidi na usiondoke hapo, kutoka hapo mpaka kuharibika ni sekunde chache. Ikishaanza tu kuwa na chembechembe ongeza vijiko viwili vya krimu ambayo haijapigwa na ukoroge kwa mkono, mara nyingi inarudi.

SWALI: Kwetu krimu haipatikani kirahisi. Naweza kutumia kastadi? – Msomaji wa Siku Zote

JIBU: Unaweza na ni tamu, ila hapo moto wa jiko utahusika kidogo. Lita moja ya maziwa weka vijiko vikubwa 8 vya unga wa kastadi na sukari kwa kadiri ya mdomo wako. Unga uukoroge kwanza na maziwa ya baridi kidogo usifanye madonge, mimina kwenye maziwa yaliyochemka, na uache itokote huku unakoroga, ukiipua mapema unga haujaiva na kesho itakuwa nyepesi. Alafu hapa wengi wana haraka: usipange ikiwa ya moto. Lazisha nailoni juu yake iguse kastadi yenyewe ili isiweke utando, subiri ipoe, ndo uweke ndizi. Kastadi ya moto inaipika ndizi, inalegea na biskuti zinakuwa uji.

SWALI: Nimeona watu wanachemsha kopo la maziwa likiwa limefungwa mpaka linakuwa karameli kwa ajili ya ndizi. Ni salama? – Mama wa Pacha

JIBU: Hapana mama, mi sikushauri. Maji yakipungua kopo likabaki limechomoza juu ya maji linaweza kulipuka na kumwaga karameli ya moto, na kwa masaa 2 au 3 ukiwa na pacha wawili mguuni ni rahisi kusahau. Ile pai ya ndizi na karameli, banoffee, ilianzia Uingereza mwaka 1971 kwenye mgahawa wa The Hungry Monk kule Jevington na makopo walichemsha kweli, lakini leo hatuna sababu. Yeyusha siagi gramu 100 na sukari ya kahawia gramu 100 kwenye sufuria nzito, ongeza kopo la gramu 397, koroga bila kuacha moto ukiwa wa kiasi, ikichemka na kuwa nzito, dakika moja mbili hivi, ipua. Mwaga juu ya biskuti gramu 250 zilizosagwa na kuchanganywa na siagi iliyoyeyuka gramu 100 na kushindiliwa, iache friji igande, weka ndizi, funika na krimu. Watoto wakae mbali na hiyo sufuria mpaka imepoa.

SWALI: Ikibaki naweza kugandisha? – Sitaki Kutupa

JIBU: Kwenye friji iliwe ndani ya siku 2, ya pili ndizi zitakuwa zimelegea lakini bado nzuri. Friza inawezekana kama utaila ikiwa imeganda hivo hivo kama aiskrimu, ikate vipande kabla hujaigandisha. Ukiiyeyusha ndizi zinatoa maji. Iliyokaa mezani mchana kutwa usiirudishe, hiyo imwage.