Naenda Mexico kujenga nyumba, nitafaa?

SWALI: Shikamoo Mzee. Kanisa letu hapa Dallas linapeleka watu 14 Tijuana, Mexico, kumjengea mama mmoja na wanawe nyumba ya mbao kwa siku nne. Sijawahi kushika nyundo. Nitafaa?
Msomaji, Texas

JIBU: Marahaba, mwanangu. Utafaa, ukikubali kuwa saidia fundi. Lakini kwanza muulize kiongozi wenu: hati ya kiwanja ina jina la huyo mama? Mimi nilijenga nyumba ya mjane, mwaka haujaisha shemeji zake wakamtoa. Hadi leo inaniuma.

Zege la sakafu walimwage mafundi wa huko kabla hamjafika, limwagiliwe maji siku 7. Likikaushwa na jua haraka, litapasuka.

Na mama asikae kivulini akiwatazama! Apige misumari, achague rangi. Millard na Linda Fuller walijenga hivyo na wenyeji Mbandaka, Kongo, kuanzia 1973, kabla ya kuanzisha Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba pamoja na wahitaji, mwaka 1976.

Nunua glavu za ngozi, na futi yenye sentimita pia, maana Mexico wanapima kwa mita.