Maswali yenu: pikapu ya zamani na njia ya Natron

Maswali yamejaa, mengi yanafanana, mengi ni ya Hilux za miaka ya tisini na wengi mnataka kupita ile njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ziwa Natron. Nimeokota machache, wengine mtajikuta humohumo.

Shikamoo mkuu. Nina Hilux dabo kabini ya 1994, LN106, injini 3L, kilomita sijui maana mita ilishakufa zamani. Nataka kuipeleka Natron na familia mwezi wa nane. Itafika? (Arusha)

Marahaba. Itafika. Hizo gari ziko huko mpaka leo zinabeba magunia, watu na mbuzi, sembuse wewe na watoto wawili na jiko la gesi. 3L (hilo ni jina la injini, sio lita) haina turbo, pampu yake ya dizeli ni ya kizamani, haina kompyuta ya kukuzimia gari katikati ya vumbi, ikishawaka umeme inaouhitaji ni wa kile kiswichi tu cha kukata mafuta pale kwenye pampu. Mbele una springi za mabati na eksili nzima, kwahiyo ikigonga shimo hutaanza kuhangaika na bolijointi kama wenzako wenye gari mpya.

Ila umesema mita imekufa, hapo ndo nina wasiwasi, maana injini za ukoo huo zinatumia mkanda wa taimingi na unatakiwa kubadilishwa kila kilomita laki moja, sasa wewe hujui umetembea ngapi na aliyekuuzia hakukwambia. Ukikatika pistoni zinagonga valvu, na ukikatikia kule mbele ya Engaruka unavutwa na lori mpaka Mto wa Mbu, bei ya kuvutwa atakupangia mwenye lori. Badilisha, usibishane na fundi atakayekwambia "bado mzima huu", kwani yeye ameuona lini?

Halafu joto. Arusha mjini uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Natron iko kwenye 600 hivi, yaani unashuka kwenye tanuri. Mchana kufika nyuzi 40 ni kawaida, na unatembea gia ndogo, upepo wa kupooza rejeta hakuna. Kama gari yako hapo mjini sindano huwa inapanda kidogo kwenye foleni afu inarudi, kule haitarudi.

Vumbi lenyewe sio la mchezo, ni majivu ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima ni hai na mlipuko wake mkubwa wa karibuni ni wa 2007 hadi 2008. Ni laini sana, linaingia mpaka kwenye mfuko wa sukari. Eya klina ifungue kila jioni uikung'ute, na angalia lile bomba la mpira linalotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini, likiwa na ufa hata mdogo injini inakula mchanga na wewe hujui.

Fundi wangu anasema habu za mbele niziache zimefungwa LOCK siku zote ili nisisahau. Kuna ubaya? (Dodoma)

Habu ni kile kifungo cha katikati ya gurudumu la mbele kinacholiunganisha na eksili. Hazitavunjika, lakini unazungusha eksili na propela ya mbele bure, unakula mafuta kidogo na unachosha sili. Ubaya mkubwa ni ukiweka 4H (foo-wili ya mwendo wa kawaida) kwenye lami. Gari yako haina difu ya katikati, mbele na nyuma vinafungwa pamoja, sasa ukikata kona kwenye lami magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma na hakuna pa kutelezea, usukani unakuwa mzito, gari inang'ang'ania, mwisho kitu kinakatika. Foo-wili ni ya vumbi, mchanga, matope. Lami, toa.

Ila kuna kitu muhimu zaidi ya hicho. Watu wengi wenye pikapu za zamani wanaamini wana foo-wili na hawana. Habu moja inashika, nyingine ndani imejaa grisi iliyoganda, unaizungusha mpaka LOCK kwa nje lakini kule ndani haijasogea. Sasa kwa hii difu ya kawaida, habu moja ikiwa haishiki, nguvu yote inakimbilia upande huo unaozunguka bure na mbele hupati kitu. Jipime nyumbani: weka transfa (ile gia ndogo ya foo-wili) kwenye 2H, yaani nyuma tu, zima injini, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, funga habu zote mbili LOCK, piga jeki gurudumu moja la mbele tu, shuka chini uangalie propela ya mbele huku mwenzio anazungusha lile gurudumu kwa mkono. Propela inatakiwa izunguke. Ikikaa kimya, habu mojawapo inakudanganya, fungua, osha na dizeli, weka grisi kidogo (kidogo bana, sio kuipakua), funga. Kazi ya asubuhi moja.

Upepo wa tairi niweke ngapi? Kila mtu ananiambia namba yake. (Moshi)

Kila mtu ana namba yake kwa sababu mzigo unatofautiana. Mimi pikapu isiyo na mzigo mkubwa, lami naweka psi 30 hadi 32 mbele, nyuma naongeza kulingana na nilichobeba. Nikiingia vumbi, hasa ile barabara iliyojikunja kama bati kuanzia Selela kwenda mbele, nashusha mpaka 25 hivi. Unaona tofauti hapohapo, dashibodi inaacha kulia, na senta bolti za springi zinapumua. Watu wengi wanaokatika springi njia ile wamejaza upepo 45 wakidhani tairi ngumu ndo salama. Mchanga mwingi, shuka mpaka 18, hata 15, ila hapo usikate kona kwa kasi maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu.

Ukishashusha lazima uwe na pampu ya kurudisha. Lami na tairi lenye 18 ni kutafuta pasta wa kukuzika.

Kaka, salamu kutoka Maskati. Baba mdogo kaniachia Hilux singo kabini ya zamani, wikendi tunapanda mchanga Wahiba na washkaji. Nikipanda tuta nakwama kila mara karibu na kileleni. Injini haina nguvu au mimi? (Oman)

Wa'alaykum salaam kwa niaba ya wote. Wewe kidogo, injini kidogo. Pikapu ya dizeli isiyo na turbo haiwezi kupanda tuta kwa nguvu, inapanda kwa mwendo uliouchukua kule chini, kwahiyo gia chagua kabla hujaanza kupanda, maana ukikanyaga kilachi katikati ya mchanga mwendo unakufa kwa sekunde moja. Upepo shusha 15. Ukiona inaisha nguvu kabla ya kilele usikazanie mafuta, magurudumu yatachimba mpaka difu ikae chini, achia, weka rivasi, rudi ulikotoka kwa mstari ulionyooka, usijaribu kugeuza gari ubavuni pa tuta hata siku moja, pikapu inalala ubavu kirahisi.

Na kitu kimoja wewe unakijua kuliko wa huku: sabkha. Ile ya Barr al Hikman huko kwenu, juu pamekauka pana chumvi, chini tope. Nawaambia wa Arusha sasa, ufuo wa Natron uko hivyohivyo. Juu ni magadi meupe yamekauka unaona kama sakafu, chini ni tope lenye magadi, na magadi yanakula chuma na nyaya. Usipeleke gari pale kwa sababu ya picha. Halafu ndo mahali flamingo wa aina ndogo wa Afrika Mashariki wanapozalia, karibu wote, hawana pengine pa maana. Paki mbali, tembea na mtu wa kijiji cha Engare Sero anayejua pa kukanyaga.

Gari ikichemka njiani nifanye nini, nimwage maji? (Morogoro)

Usifungue kifuniko cha rejeta. Najua unajua, lakini kila mwaka kuna mtu anafungua.

Sindano ikianza kupanda, kabla haijafika juu, punguza, shusha gia moja ili feni izunguke zaidi, fungua hita mpaka mwisho na feni yake yote, utaoga jasho lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Haishuki? Simama, elekeza pua kwenye upepo, acha injini iwake taratibu, fungua boneti. Ila ukiona maji yanamwagika au bomba limepasuka, zima palepale. Subiri, na nikisema subiri namaanisha nusu saa na zaidi, sio kuvuta sigara moja. Maji ya baridi kwenye injini ya moto yanapasua silinda hedi. Wenye injini ya 2L-T, ile ya turbo, wanaelewa, ile hedi inapasuka hata ukiiangalia vibaya.

Ila ugonjwa wenyewe unatibiwa nyumbani. Rejeta ya gari ya miaka thelathini nje imejaa wadudu, majani na tope lililokauka, chukua hosi, toa uchafu kwa maji kutokea upande wa injini kwenda nje, taratibu, sio ile mashine ya kuoshea magari yenye presha inayolaza mapezi. Angalia ile feni yenye mafuta ndani, injini ikiwa ya moto na imezimwa izungushe kwa mkono, ikizunguka kirahisi mizunguko kadhaa imeshachoka. Na thamostati jamani. Huku kwetu dawa ya fundi kwa kila gari inayochemka ni kuitoa thamostati akutupie. Gari inakaa baridi siku zote, inakula dizeli, inatoa moshi, afu ukifika mlimani inachemka vilevile kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta. Rudisha thamostati.

Nimejifunza kwenye otomatiki, mume wangu ana pikapu ya manyuo na anasema kwenye mteremko wa mawe nitaua breki. Ana haki? (Tanga, nataka kwenda Usambara)

Dada, ana haki nusu. Ukishuka kwa breki peke yake zinapata moto na zinaacha kushika, kweli. Simama juu kabisa, weka 4L (foo-wili ya gia ya chini), gia namba moja, achia kilachi, halafu mguu wa kushoto uweke sakafuni na usiuguse tena kilachi mpaka chini. Injini itashikilia gari, utashuka mwendo wa mtu anayetembea. Breki gusa kidogo tu. Mwambie mzee akae abiria, asishike ile hendo breki.

Korongo likiwa na maji nipite au nisubiri? (Karatu)

Shuka kwanza utembee ndani yake na fimbo. Maji yakizidi goti, au yanavuta mguu wako, subiri. Makorongo ya upande ule yanashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, mvua inanyesha huko juu wewe chini unaona jua, na maji yanafika mekundu yamebeba magogo. Yanakuja haraka na yanaondoka haraka, masaa kadhaa umepita mkavu.

Ukipita, 4L gia ya pili, mwendo mmoja, usibadilishe gia ndani. Injini ikizimika ndani ya maji usipige staata. Dizeli ikivuta maji kwenye silinda, maji hayabanwi, konrodi (mkono wa pistoni) ndo inapinda. Vuteni nje, fungueni eya klina muangalie kama imelowa. Na kesho yake fungua nati ya difu kidogo: ile difu ilikuwa ya moto, imeingia maji ya baridi, imevuta maji kupitia sili au kile kitundu cha kupumulia. Mafuta yakitoka meupe, mwaga yote.

Black cotton ya huku Kajiado, naeza pita na Hilux yangu ikiwa imenyesha usiku? (Kenya)

La.

Sawa, nieleze kidogo. Ule udongo mweusi ukilowa unajaza tairi mpaka haina meno, unapanda kwenye madigadi, gari inateleza pembeni hata na foo-wili. Subiri jua lipige siku moja. Sio aibu, wenye Land Cruiser wanalala pia.

Nina milioni moja na nusu, ninunue lifti kiti (ya kuinua gari), taa za LED za juu au snoko (bomba la kuvutia hewa juu)? (Dar)

Hakuna. Tairi nne nzuri zisizotoboka ovyo hazitabakiza chenji, ila kama tairi zako bado nzima basi: bushi za springi, shokapu, mabomba yote ya maji, mkanda wa feni na wa akiba, betri isiyo ya kubahatisha. Ikibaki kitu nunua kamba nzuri ya kuvutia na hakikisha gari ina mahali imara pa kuifunga, watu wanafunga kamba kwenye bampa linang'oka linampiga mtu. Taa za juu za nini, usiku njia ile hupaswi kuwa unaendesha, ng'ombe wa Wamasai hawana rifrekta.

Tuko saba, kabini inabeba watano, wawili wakae nyuma na mizigo? (Arusha)

Hapana. Gari mbili.

Dizeli nijaze wapi, na nibebe madumu mangapi? (Babati)

Jaza ful tenki Mto wa Mbu, kwenye sheli, ukisubiri mbele utanunua ya kwenye dumu la mtu ambayo hujui imekaa na nini. Kutoka pale hadi Engare Sero ni kilomita mia moja na kitu, kwenda na kurudi tenki zima la Hilux linatosha, ila foo-wili na gia ya chini vinakula, na ukipanda ule ukingo wa bonde kwenda Wasso, kule Loliondo, hesabu inabadilika kabisa. Dumu moja la lita 20 lililofungwa vizuri nyuma, sio ndani ya kabini na watoto. Likikulazimu kununua ya dumu, chuja kwa kitambaa safi, na ukisimama usiku legeza ile nati ya chini ya chujio la dizeli utoe maji mpaka ije dizeli tupu. Pesa za mageti ya njiani ziwe mkononi, na risiti zihifadhi, kuna mahali wataziomba tena.