Somo Anajibu: Mdogo wangu amerudi tena kwa mumewe, nimfungie mlango?

SWALI: Shikamoo Somo. Mwanangu wa chuo alikuja likizo na sinema ya Hispania kwenye flashi, inaitwa Te doy mis ojos, akawa anatutafsiria hapa sebuleni Chikongola. Pilar anamkimbia mumewe Antonio usiku na mtoto, dada yake anampokea, halafu anarudi kwa miguu yake mwenyewe. Nilikasirika nikatoka nje. Mdogo wangu anaishi Mikindani. Kanikimbilia mara tatu, mara ya mwisho kang'olewa jino, na zote tatu karudi. Mume akiuza korosho anamletea doti ya khanga, yamekwisha. Nimeapa akija tena simfungulii. Nakosea? – Dada Mkubwa, Mtwara Mjini.

JIBU: Marahaba mwanangu. Unakosea. Usimfungie.

Sinema hiyo naijua. Ilitoka mwaka 2003, mwongozaji ni mwanamke, Icíar Bollaín, na mambo yote yanatokea Toledo. Wewe ulitoka nje kabla haijaisha. Na mle ndani wa kumtazama sana ni Ana, yule dada, maana ndiye wewe.

Unakumbuka Pilar alivyofika kwa Ana usiku ule? Miguuni ana ndala za chumbani, wala hakujua. Mimi nilitoka Nachingwea mwaka 1984 na ndala mbili za kushoto, moja nyekundu, moja bluu. Nilikaa juu ya lori la mihogo mpaka Lindi bila kuziona. Aliyeziona ni dada yangu, alipoleta maji ninawe miguu. Hakuuliza kitu. Alizivua, akanivalisha zake. Baada ya wiki tatu nikarudi kwa mume. Nilirudi mara nne, mwanangu.

Hakuna anayerudia kipigo. Unamrudia yule mtu wa siku nzuri, unaamini safari hii ndiye atakayebaki. Antonio anakwenda kwenye kikundi cha wanaume wapigaji, anapewa daftari aandike hasira zake, na anajaribu kweli. Lakini Pilar kapata kazi, anajifunza kuwaeleza wageni michoro ya kanisani, uso wake unaanza kung'aa, na kadiri anavyong'aa mume anazidi kuogopa kuachwa. Siku ya kwenda Madrid kutafuta kazi anamchania nguo na kumsukumia nje kibarazani, uchi. Pilar akifika polisi hana jeraha la kuonyesha, anasema tu kwamba ndani kavunjwa kila kitu. Kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa akili pamoja na wa mwili kuwa sababu ya kuomba talaka, na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme itakavyo. Mdogo wako ayajue hayo kutoka kinywani mwako.

Kuna mahali niliisimamisha sinema. Mama yao anamsukuma Pilar arudi kwa mumewe. Mimi ni kungwi, nimecheza wari miaka mingi, na maneno ya mama yule nimeyasema kwa kinywa changu: vumilia, siri ya nyumba haitoki. Yananiuma mpaka leo. Sasa mwali wangu namwambia siri ni ya kitandani, ngumi haina siri.

Ulichokosa ni mwisho. Pilar anarudi kwenye nyumba ile na wanawake wawili anaofanya nao kazi, wanakusanya vitu vyake, mume anabaki kuangalia. Wawili tu. Basi tafuta wa pili wako, shangazi au jirani, mkae tayari. Siku akija kaumia, mpeleke polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende nayo hospitali, na makaratasi yote uyaweke wewe, yasilale kwa mume.

Kwa sasa panda daladala uende Mikindani. Mpelekee samaki, kaa naye jikoni, mume usimtaje wala usimuulize kwa nini alirudi. Ukiaga, mwambie ufunguo wa chumba cha uani umeuacha kwa jirani, hata kama wewe umesafiri. Na mlangoni weka ndala, saizi yake.