Maswali ya Wasomaji: Ukumbi wa Kumfundishia Mbwa wa Maonyesho

Masika yakishika kasi, barua za wafugaji wa mbwa kutoka Arusha na Moshi huja na kilio kimoja: uwanja ni tope tupu, maonyesho ya Nairobi, ambako jaji huwapima mbwa umbo na mwendo, hayasubiri, mazoezi yafanyike wapi? Wengi wameamua kukodi stoo na kumbi. Tumechagua barua nne.

Habari za kazi, wahariri. Nimepata stoo ya mita 10 kwa 8 huku Njiro, sakafu ni saruji yenye niru. Mbwa wangu ni German Shepherd dume wa miezi 11. Nje anatembea vizuri, lakini humo ndani anajikunyata, na akikimbia anapeleka miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Mbovu ni mbwa au ni stoo?
*Mfugaji wa Njiro, Arusha*

Mbwa hana kosa, ndugu yetu. Niru iliyosuguliwa inapendeza macho ya wageni, ila kwa mbwa haina pa kushikia. Nyayo zikianza kuteleza, anafupisha hatua, anashusha kiuno na kuacha mchakamchaka, ule mwendo ambao mguu wa mbele wa kulia huondoka pamoja na wa nyuma wa kushoto. Anaingia mwendo wa ngamia, huo wa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kwa sababu unampa uthabiti. Jaji akiuona hawezi kumpima hatua zake. Tena katika umri huo mifupa ya mbwa mkubwa bado haijakomaa. Kuteleza kila siku kunazitesa nyonga, na German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na nyonga hata bila kuchokozwa.

Kwanza mtazame kucha. Akisimama sawasawa zisiguse sakafu. Zikigonga, zikate kidogo kidogo kila wiki, pamoja na nywele zinazoota katikati ya nyayo. Kisha shughulikia sakafu, na usitandike stoo nzima, ni kupoteza hela. Acha mita 1 kutoka kila ukuta. Utabaki na mstatili wa mita 8 kwa 6, ambao ulalo wake, kona hadi kona, ni mita 10 kamili. Tandika raba yenye upana wa mita 1 kuufuata mstatili (mita 28) na nyingine kwenye ulalo (mita 10). Kwa mita hizo 38 unapata karibu yote anayoombwa mbwa ulingoni, yaani mbele ya jaji: mzunguko, kwenda na kurudi, na pembetatu ya mita 6, 8 na 10.

Ile mita 1 ya pembeni ni njia yako wewe. Ulingoni watu huzunguka kinyume cha saa, mbwa akiwa mkono wa kushoto, upande wa ndani alikosimama jaji. Mbwa anapita kwenye raba, wewe unakimbia kando ya ukuta, kwa hiyo vaa viatu vya soli isiyoteleza. Kwenye kona usimkunje mbwa kwa pembe kali. Ikate kona kwa kipande cha raba kilicholazwa mshazari, la sivyo atavunja mchakamchaka kila akifika hapo.

Raba nzuri na ya bei ya kawaida ni mkanda wa mashine za kiwandani uliokwisha kutumika, unene wa milimita 8 hivi. Ni mzito: kipande cha mita 10 kwa 1 kinakaribia kilo 100, hivyo kata vipande vya mita 5 na uite mtu wa kusaidia kubeba. Usugue kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, uanike juani mpaka harufu ya mafuta iishe, maana mbwa anayepiga chafya hafundishiki. Viungo vikutane ncha kwa ncha, visipandane, na chini yake upitishe utepe wenye gundi pande zote mbili. Kiungo kikiinuka kidogo tu, mbwa atajifunza kukitazama, na kichwa kitashuka palepale kila mzunguko. Ile mikeka ya sponji ya kuchomekana, inayouzwa kwa ajili ya watoto, achana nayo. Kucha zinaichana, na mbwa mdogo huila.

Ukumbi wangu upo Pasua, una paa la bati bila dari. Mchana ni tanuri, mvua ikinyesha mbwa anajificha chini ya meza. Nifunge dari?
*Dada wa Pasua, Moshi*

Dari itasaidia, lakini kuna hatua za bei ndogo za kuanzia. Joto kwanza, kwa kuwa linaua. Toboa matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazotazamana, karibu kabisa na bati, hewa ya moto ipate pa kutokea. Miezi ya Januari hadi Machi fanya mazoezi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kwa vipande vya dakika 5 vyenye mapumziko. Ulimi ukiwa mrefu na mpana, mate yakawa mazito na ufizi ukawa mwekundu sana, simamisha kila kitu. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, umpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama ameonekana kupata nafuu.

Kelele ni suala la mazoea. Rekodi mvua ya bati kwa simu, uicheze kwa sauti ndogo wakati mbwa anakula, uipandishe taratibu kwa siku nyingi. Akiacha kula umepandisha haraka, rudi nyuma. Mazulia makuukuu yakining'inizwa ukutani hupunguza mwangwi. Sauti ya mvua yenyewe hayaizuii.

Tumekodi godauni kwa pamoja Unga Limited, wafugaji wanne, mbwa tisa. Tunapiga deki kila Jumamosi. Inatosha?
*Kikundi cha wafugaji, Arusha*

Haitoshi. Hofu kubwa ni parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha mbwa, ambao virusi vyake hukaa sakafuni miezi mingi na havifi kwa sabuni. Ondoeni uchafu wote, osheni kwa sabuni, suuzeni, ndipo mpake dawa ya klorini. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, changanyeni sehemu 1 kwa 20 za maji. Sakafu ibaki imelowa dakika 10, kisha isuuzwe na kukauka kabla mbwa hawajaingia. Wanaomwaga klorini juu ya kinyesi wanapoteza dawa, kwani uchafu huimaliza nguvu. Na juu ya mkojo inatoa moshi unaochoma koo. Mbwa mdogo asiruhusiwe mpaka amalize chanjo zake, na ya mwisho ya parvo aipate akiwa ametimiza angalau wiki 16.

La pili ni kupe wa kahawia wa mbwa. Huyu, tofauti na kupe wengi, anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya jengo. Jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Zibeni nyufa za kuta kwa saruji, na mbwa wote tisa wapewe dawa ya kupe kwa ratiba moja. Mmoja akiachwa, mmefanya kazi bure.

Mbwa wangu jike anasimama kama sanamu mbele ya kioo, lakini mgeni akimgusa anakaa chini. Na je, aliyezoea raba ataiweza nyasi?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Kioo kimemfundisha kusimama, hakijamfundisha kushikwa. Tafuta watu tofauti, wa kike kwa wa kiume, mmoja avae kofia. Siku za mwanzo mtu apite tu karibu, wewe ukitoa kipande cha ini lililochemshwa chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Akitulia, mkono uguse bega sekunde moja. Halafu mgongo, kisha paja, mwisho meno, ambako mdomo unabaki umefungwa na midomo ndiyo inayoinuliwa. Wenye madume wazoeze na korodani, kwa sababu jaji atahakikisha zote mbili zimeshuka. Chakula kitoke akiwa bado amesimama. Ukichelewa hadi akae, umemlipa kwa kukaa.

Nyasi atafundishwa kwenye nyasi. Ndani hakuna harufu za mbwa wengine, ardhi haina mashimo, na ukuta unamnyoosha bila yeye kujua. Maonyesho ya East Africa Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa, kule Nairobi mara nyingi huwa nje, kwa hiyo mvua ikipumzika mtoe hata mara mbili kwa wiki. Kabla ya kupita Namanga, muulize daktari wa mifugo wa wilaya mapema kuhusu kibali cha kusafirisha mbwa, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe mkononi.