Epoksi sakafuni: kabla hujamlipa fundi, soma hapa

Maswali kuhusu epoksi, ile rangi ya sakafu ya makopo mawili yanayochanganywa ndipo igande, yamekuwa mengi tangu picha za sakafu zinazong'aa zianze kuzagaa kwenye simu zetu. Nayapokea kwa furaha, maana mwenye nyumba anayeielewa kazi hii hapigwi kirahisi. Haya ndiyo ya safari hii.

Nimejenga Kigamboni. Jamvi la zege la sakafu limemwagwa wiki mbili zilizopita, na fundi anataka kupaka epoksi wiki hii ili tuhamie kabla ya Idi. Nimruhusu?

Usimruhusu. Zege lipewe siku 28 kwanza, na hizo ni za kukomaa tu. Kukauka ni habari nyingine. Jamvi lililomwagwa wakati wa masika linaweza kumaliza miezi miwili likiwa bado na maji ndani, huku juu unaliona jeupe, kavu kabisa. Epoksi haipitishi mvuke. Maji yakitafuta njia ya kutoka yanaisukuma kwa chini, inatoa malengelenge, halafu inaanza kubanduka.

Kupima unaweza mwenyewe. Chukua kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, ukibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache mpaka kesho yake saa kama hiyo. Ukifunua ukakuta matone, au zege la chini yake limekuwa jeusi kuliko la pembeni, bado halijawa tayari. Pima sehemu tatu au nne, na usiache zile kona zilizopakana na choo.

Kisha muulize aliyejenga: kabla ya kumwaga jamvi, mlitandika nailoni juu ya kifusi? Hilo ndilo swali kubwa kuliko siku zote unazohesabu. Kama haikutandikwa, na nyumba iko bondeni ambako maji hayako mbali, unyevu utapanda kila msimu wa mvua hata baada ya miaka kumi. Ukiona chumvi nyeupe inachomoza chini ya kuta, jibu unalo tayari. Zipo praima (rangi ya kwanza inayopakwa chini ya epoksi) maalumu za kuzuia unyevu, ila ni ghali na zinataka fundi anayezijua vizuri. Kwa nyumba ya namna hiyo mimi ningeweka vigae, roho itulie.

Gereji yangu hapa Nyali ilipakwa epoksi. Haijamaliza mwaka, rangi inabanduka palepale magurudumu yanapokaa. Kwingine iko sawa. Niliuziwa feki?

Huenda, lakini tusimlaumu muuza duka kabla ya kutazama. Gurudumu likitoka barabarani lina moto. Linailainisha rangi, na linapopoa linasinyaa na kuivuta. Rangi iliyoshika vizuri haivutiki. Yako haikushika.

Okota kipande kimoja cha rangi iliyobanduka ukigeuze. Mgongo wake ukiwa na unga wa kijivu, basi ni sakafu yenyewe iliyoachia: kile kiwambo laini cha juu, niru au saruji iliyopanda na maji wakati wa kupiga mwiko, hakikusagwa kabla ya kupaka. Mgongo ukiwa safi na unang'aa, rangi haikupata pa kung'ang'ania tangu siku ya kwanza, ama kwa sababu ya oili ama kwa sababu sakafu ilikuwa laini mno.

Dawa ni moja kwa vyote viwili. Toa kilicholegea, osha oili kwa sabuni ya kuondoa grisi na maji ya moto, na kazi hiyo ifanyike kabla ya kusaga, maana mashine ikipita juu ya oili inaieneza. Ndipo sakafu isagwe kwa grainda yenye jiwe la almasi mpaka ukiipapasa uhisi ukali wa msasa. Dondosha maji: yakikaa juu kama shanga, endelea kusaga, yakinywewa ndani ya dakika moja, iko tayari. Kuna wanaotumia tindikali badala ya mashine. Siipendi ndani ya nyumba, kwa sababu inataka kuoshwa kwa maji mengi sana na inaiacha sakafu imelowa upya. Kama hakuna njia nyingine, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi.

Na vumbi la zege lina silika, ambayo inaharibu mapafu na hayaponi tena. Kitambaa usoni hakitoshi. Fundi avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri, au asage huku maji yanatiririka, na watoto wasiwe karibu.

Nilichanganya kopo A na kopo B, nikapokea simu. Kurudi, ndoo inatoa moshi na haishikiki kwa moto. Kulikoni?

Epoksi haikauki kwa upepo kama rangi ya ukutani. A na B zikikutana zinaanza kuungana, na muungano huo unatoa joto. Zikiwa nyingi ndani ya ndoo joto halina pa kwenda, linazidi kuharakisha kazi, na mwisho wake ndio huo uliouona. Ndoo ikifikia hapo ipeleke nje juu ya udongo, usiifunike, na usiinamie ule moshi.

Safari ijayo kila kitu kiwe tayari kabla hujachanganya: rola, brashi, viatu, msaidizi. Epoksi isiyo na maji wala tina (kile kimiminika cha kuzimulia rangi) hukupa pengine nusu saa, na kwenye joto la Temeke saa saba mchana inakupa pungufu. Koroga kwa dakika tatu hivi kwa drili ya mwendo wa pole ukikwangua pembeni, hamishia ndoo ya pili, koroga tena kidogo, kisha mwaga yote sakafuni kwa mistari na uitandaze. Ikitandazwa inapoa. Masalia yaliyoganda ukutani mwa ndoo usiyakwangulie sakafuni, kwa kuwa hayakuchanganyika na yatabaki yananata. Na usiongeze B eti ikauke upesi. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo ni sheria.

Anza alasiri jua linapopoa. Asubuhi zege linapata joto, hewa iliyomo inatanuka na kutoka, na kila kijitundu inachopitia kinabaki kama kipovu kwenye sakafu yako.

Chumba cha mita 4 kwa 5, fundi kasema "epoksi ya milimita 2" na kaandika lita 10. Ni sawa?

Si sawa. Lita 1 ikitandazwa kwenye mita 1 ya mraba inatoa unene wa milimita 1. Chumba chako kina mita 20 za mraba, kwa hiyo milimita 2 ni lita 40, bado praima. Kwa lita 10 utapata nusu milimita, ambayo ni kazi nzuri ya rola kwa chumba cha kawaida, ila usiilipie bei ya milimita 2. Angalia pia lebo: ikiwa nusu ya kilichomo ni maji au tina, nusu hiyo itapotelea hewani.

Naweza kupaka barazani?

Kama jua linafika, hapana. Epoksi ikipigwa na jua inageuka njano na kuanza kutoa unga. Labda uifunike kwa poliuritheni inayohimili jua.

Tunapikia mkaa jikoni. Itavumilia?

Kaa moja likidondoka linaacha doa lisilotoka. Epoksi nyingi za sakafu huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60, na sufuria iliyotoka motoni imepita hapo mbali sana. Pale jiko linapokaa weka vigae. Na madirisha na mlango viwe wazi mnapopika, moshi wa mkaa usioonekana unaua.

Mama yangu ni mtu mzima, naogopa atateleza bafuni.

Ogopa, ni haki. Epoksi tupu ikilowa inateleza vibaya. Koti la kwanza likiwa bado bichi, linyunyiziwe mchanga wa silika uliochekechwa. Likikauka fagia uliolegea, kisha paka koti la juu jembamba ili punje zisizame. Jaribu kipande kwanza, ukikanyage kwa mguu mtupu uliolowa. Ile epoksi ya kujisawazisha usiitumie bafuni: itakimbilia kwenye tundu la maji na kuua mteremko. Na mfungie mama vishikio ukutani, vinamsaidia kuliko rangi yoyote.

Shikamoo. Mimi ni fundi epoksi, niko Moshi. Mikono inaniwasha na kutoka vipele kila nikigusa kopo, hata kidogo tu. Nivumilie?

Marahaba, kijana wangu. Usivumilie. Huo unaelekea kuwa mzio wa epoksi, na mwili ukishaukataa, kwa kawaida hausahau. Tone dogo linatosha kuuamsha, na kadiri unavyoendelea ndivyo unavyozidi. Acha kuishika kwa sasa. Wenzako wavae glavu za nitraili, si zile nyembamba za mpira, na mikono mirefu. Ikikugusa, ifute kwa kitambaa kikavu kisha osha kwa sabuni na maji. Usinawe kwa tina, inaondoa mafuta ya ngozi na kuiachia epoksi njia ya kuingia. Uko Moshi, na pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachojulikana ukanda huu mzima. Nenda, na upige picha lebo za makopo yote mawili ili daktari aone kilichomo.